Paa Dogo Juu ya Dirisha la Mama Njeri

Jumatatu, 6 Mei

Bati la mwisho limeingia leo mchana. Mgongo wa paa umenyooka. Nimekaa pale juu nikiangalia Bofa yote, minazi, mahoteli, bahari kidogo, nkasema haya, hii ni yako. Nyumba nzima. Mimi na nyundo na simu yangu ya kioo kilichopasuka, ambayo ndo mwalimu wangu.

Tawi la mti wa mvinje nikalifunga mgongoni kwa waya. Paa likiisha tunafunga tawi, na mwenye nyumba akiliona anajua deni lake ni kupika. Mama Njeri kaliona kutoka getini, kapiga makofi. Lakini hapiki leo. Amesema Jumamosi, mpaka lile dogo nalo liishe.

Lile dogo ni paa la dirisha. Si dirisha kama madirisha. Limetoka nje ya ukuta kama tumbo la mja mzito, pande tatu, vioo vitupu, na ndani kuna kibao kirefu cha kukalia. Sisi mafundi twaliita Tumbo. Mama Njeri alikuwa nesi huko bara, kastaafu, na anasema kazi yake yote ilikuwa ya kusimama. Sasa anataka kukaa hapo na kitambaa chake cha kufuma asisumbuliwe. Tumbo lataka paa lake lenyewe, la pande tatu. Ndo kitu cha kwanza mtu anaona akiingia getini.

Nilijua ni langu. Nimeangalia video zake mpaka bando ikaisha.

Jioni Fundi Kombo, mkuu wetu hapa, kaniita kando. "Sidi mwanangu, lile dogo yuwaja mtu wa Rabai kulifanya."

Basi. Yuwaja mtu. Na mimi je?

Jumanne, 7 Mei

Mtu wa Rabai ni msichana.

Naandika tena nilione vizuri. Msichana. Jina Mbeyu. Rika langu. Amekuja na begi lake la vifaa, na mkasi wa mabati wake mwenyewe, mshikio mwekundu, hauna kutu hata tone. Mimi naazima wa Kombo. Amefunzwa na mjomba wake tangu mdogo. Anacheka kwa kufungua mdomo wote, mpaka mwashi aliye nyuma ya nyumba anaanza kucheka bila kujua kwa nini.

Msichana wa paa hapa ni mimi. Vijana wa bodaboda wakipita wanapunguza mwendo, Sidi wa Juu, Sidi wa Juu. Watu wanapiga picha. Leo wamepunguza mwendo wakauliza, "Na yule mwingine nani?" Mwingine. Mama Furaha anayetuuzia chakula kampa kipande cha samaki cha katikati. Mimi nkapewa mkia. Mimi, mteja wake tangu msingi wa nyumba hii unachimbwa.

Simpendi. Sijaongea naye bado.

Alhamisi, 9 Mei

Nafunga gata la kukinga maji ya mvua kwenye paa langu, yaani nainamisha shingo siku nzima kumwangalia yeye chini.

Hapandi. Tangu jana hapandi ila kupima. Amepasua mfuko wa simiti, ameutandaza, anachora kwa makaa. Anapanda na uzi, anapima, anashuka, anachora tena. Kisha anaukata ule mfuko vipande vitatu, anapanda navyo, anavilaza juu ya mbao kuona kama vinakaa. Ndo anakata bati. Chini. Kwenye kivuli.

Mimi nakata juu palepale, kwa jicho. Ndivyo nilivyojifunza. Haraka.

Nilishindwa kunyamaza. Nkamwita kutoka juu, "Kwani wewe washona kanzu huko?"

Hata hakuinua kichwa. "Ndiyo. Na yako ntakushonea ukitulia mahali pamoja, mwenzangu."

Wote wakacheka. Kombo mwenyewe kacheka, na Kombo hacheki saa za kazi. Masikio yalinichoma mpaka jioni.

Vipande vyake vilipopanda vilikaa. Mara moja. Hakupunguza hata kimoja.

Jumamosi, 11 Mei

Kamaliza. Na unajua kafanya nini? Kafunga tawi. Kwenye paa la ukubwa wa mkeka wa watu wawili, kafunga tawi lake la mvinje, dogo, kwa uzi. Watu walicheka wakakaa chini. Mama Njeri kalipiga picha lile tawi. Langu lipo kule juu tangu Jumatatu, limeanza kukauka, hakuna aliyelipiga picha.

Pilau ilikuwa nzuri. Sikula sana.

Baada ya kula Kombo katupa habari. Mama Njeri na dada zake wana ploti nyuma, zitajengwa nyumba tatu. Anataka mkuu wa paa mmoja, si kila nyumba na mtu wake. Mkuu wa paa. Kombo ndiye anachagua, kati yetu sisi wawili. Alisema wazi, mbele ya watu wote, kijiko mkononi.

Nilisimama nikaenda kunawa mikono ambayo nilikuwa nishanawa.

Nataka. Nataka hiyo kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Hakuna mtu alinishika mkono kunifundisha. Yeye ana mjomba.

Halafu Mama Njeri kanifuata kwenye mfereji. Mama mpole, Kiswahili chake cha bara. "Sidi, mimi hii maneno ya paa sijui. Na mwenye alitengeneza hawezi kujikagua mwenyewe. Wewe angalia hiyo ya dirisha vizuri, unaniambia kama ni kazi nzuri ama ni ya kubahatisha. Nitaamini chenye utasema."

Ataamini chenye ntasema.

Jumapili, 12 Mei

Nyumbani Malindi. Kanisani na mama. Sijasikia mahubiri hata neno. Macho yangu yalikuwa kwenye pembe ya paa la kanisa, pale bati linapokutana na ukuta. Wamepaka gundi ya silikoni tu. Vibaya.

Paa la nyumba yetu, hapa mtaa wa Kisumu Ndogo, halivuji tena. Ndo paa langu la kwanza, nililiziba mwenyewe baada ya kuchoka kulala na beseni kitandani. Mama bado analisifia kwa majirani. Leo lilinifanya nitake kulia, sijui kwa nini.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekagua. Nimefika kabla ya watu.

Nimesimama getini kwanza nkafumba jicho moja. Mistari miwili pale pande zinapokutana imeshuka sawasawa, kama mtu aligawanya nywele kwa kitana. Nimeweka ngazi. Misumari yote iko juu ya tuta la bati, hakuna hata mmoja bondeni, na raba zake zimekaa, hazikupondwa. Pale juu kwenye ncha, mahali pande tatu zinakutana, mimi ningejaza silikoni nisali. Yeye kalikunja bati lenyewe, kunjo juu ya kunjo. Nilipitisha ukucha. Haukuingia.

Nikaenda kwenye bati la ukutani. Hilo ndo lenyewe. Ule mkanda unaofunika mwanya kati ya paa na ukuta. Fundi wa kubahatisha anaubandika juu ya jiwe na kupaka gundi. Huyu kachonga mfereji ndani ya jiwe kwa grainda, kaukunja mkanda ukaingia, kaziba kwa simiti. Nilivuta. Nilivuta kwa nguvu kweli. Haukutikisika.

Bati la chini limepita kioo kwa kiganja kizima, maji yakianguka yaanguke mbali. Nikapanda na jagi nikamwaga maji. Nikashuka nikaangalia ndani. Pakavu. Nikamwaga tena, ndoo nzima. Pakavu.

Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano iliyomchoma. Hakuna.

Mama Njeri alipofika kaniuliza, eh, iko aje? Nikasema, "Tungoje mvua, mama." Si uongo. Kila paa lapimwa na mvua. Lakini jibu nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza.

Wivu unauma hapa, chini ya mbavu. Sikujua ni kitu cha mwilini.

Jumatano, 15 Mei

Imenyesha usiku kucha na upepo wa baharini. Asubuhi nimeingia ndani ya nyumba mbio na viatu vya matope.

Kibao cha Tumbo kimelowa. Kwenye dari yake, upande wa ukuta, doa kubwa la rangi ya chai. Linadondoka.

Nilifurahi. Naandika ukweli maana hapa hakuna mtu. 

Nikawaita wote. Kombo, Mama Njeri na leso yake kichwani, mwashi, mpaka Mama Furaha kaja na mwiko. Mbeyu alikuja wa mwisho. Ndo mara ya kwanza namuona hacheki. Kaangalia doa, kagusa, kasema, "Maji haya si yangu."

"Kila fundi husema hivo," nkamwambia.

Kombo kauliza mimi naonaje. Wote wakaniangalia. Nikasema ni bati la ukutani, halikuingia ndani vya kutosha, upepo umesukuma maji yakapita. Nilisema vizuri, kwa maneno ya video. Mimi mwenyewe nililivuta lile bati juzi halikutikisika. Nilisema tu.

Mama Njeri alikaa kwenye kiti cha plastiki mbali na Tumbo lake. "Basi itolewe," kasema. Sauti ndogo.

Mbeyu kaniangalia. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Alhamisi, 16 Mei

Katoa mkanda. Asubuhi nzima na patasi, polepole asiuharibu. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi yake kama mkuu, mikono kiunoni.

Ulipotoka, ule mfereji aliouchonga ulikuwa mkavu. Vumbi kavu ndani yake. Lakini jiwe la juu yake lilikuwa limelowa, jeusi. Hizi nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, yanachimbwa hapahapa, na Mama Njeri hakutaka plasta, anapenda yaonekane. Jiwe hili lina vitundu. Lanywa maji kama mkate ndani ya chai, halafu layatoa upande wa pili.

"Shika hapa," Mbeyu kaniambia.

Nikashika. Maji kwenye vidole.

"Sasa jiwe limelowa juu ya paa langu, chini yake pakavu. Yametoka wapi?"

Nikasema upepo.

"Upepo," kasema. Akashuka kwenda kunywa uji.

Mchana ikapiga mvua fupi. Wote wamekimbilia kwenye kibanda cha Mama Furaha. Mimi nikabaki kando ya Tumbo, sijui kwa nini, mgongo ukutani. Nikaangalia juu.

Ni langu.

Kwenye kona, juu kabisa, paa langu kubwa. Bati la mwisho halikufika kwenye gata. Limekatika mapema, kiganja kizima, gata linalificha ukiangalia kutoka nje. Maji yanafika ukingoni, yanajikunja kurudi ndani, yanapita nyuma ya gata na kushuka ukutani. Jiwe linakunywa. Tumbo linadondoka.

Nakumbuka siku ile. Jua kali, mkasi wa kuazima, nimekaa juu. Nilikata kwa jicho.

Nililoa nikiangalia. Halafu nikaenda kula na wenzangu. Sikusema.

Ijumaa, 17 Mei

Kombo kabla ya kwenda msikitini kaniambia, "Zile nyumba tatu ni zako, mwanangu. Jumatatu ntamwambia Mama Njeri." Kanishika bega.

Ndo lile neno nilitaka. Nimelipata. Nimelirudia kichwani, mkuu wa paa, mkuu wa paa. Halina ladha.

Mbeyu karudisha mkanda, na juu yake kapaka silikoni kama nilivyoagiza. Mstari mnene mweupe. Kazi ile nzuri imekuwa kama uso uliopakwa dawa ya vidonda.

Nani atajua? Hakuna anayepanda ila mimi na yeye, na yeye kwenye paa langu hajawahi kukanyaga.

Naweza kupanda Jumapili, hakuna mtu, nikaongeza kipande cha bati. Basi. Litanyamaza lenyewe.

Jumapili, 19 Mei

Sijapanda. Jana na leo mvua haijakatika hata saa moja. Bati limelowa, mtu anateleza akafa. Ndo nilivyojiambia.

Jumatatu, 20 Mei

Tumbo limevuja tena. Zaidi ya kwanza. Kibao kimeanza kupinda.

Mama Njeri hakupiga kelele. Kasema tu hataki kuliona tena lile paa, libomolewe lote, na ikibidi dirisha lenyewe lizibwe kwa mawe, atakaa sebuleni kama watu wengine. Kombo kamwambia Mbeyu abomoe. Kisha anaweza kurudi kwao.

Mbeyu hakubisha. Kapanda na mtarimbo. Kwanza kafungua tawi lake dogo, limeshakauka, kalitia mfukoni. Ndipo kaweka ncha ya mtarimbo chini ya lile kunjo la juu, kunjo juu ya kunjo, lile ukucha wangu haukuingia.

Na mimi nikaona kwamba likifunguka halitakuwepo tena. Sijui nieleze vipi. Namwonea wivu kwa sababu ya lile kunjo. Nataka siku moja nilikunje mimi. Nitalijifunza wapi likishakuwa chuma chakavu?

Nikamwambia, "Ngoja."

"Ningoje nini?"

 Nilichukua mpira wa maji wa mwashi nikapanda paa kubwa. Mvua ilikuwa imekatika, bati lateleza. Kombo anapiga kelele chini, Sidi, wenda wapi, wewe. Nikafika juu ya ile kona nikafungulia maji. Kidogo tu. Hayakuhitaji mengi.

 Nikasikia mwashi anasema, "Ala."

Yalikuwa yanashuka ukutani wote wakiyaona. Kutoka kwangu, nyuma ya gata langu, juu ya jiwe, mpaka juu ya dirisha. Mkanda wa Mbeyu umekaa pale katikati hauna hatia.

Kombo kasema, "Shuka." Neno moja. Nilishuka.

Mama Njeri ndiye kauliza. "Sasa Sidi. Juzi ulikuwa unaniambia nini?" Si kwa hasira. Kama nesi anayemuuliza mtoto mbona hakumeza dawa. Nikasema nilimwambia vibaya. Nikasema paa la dirisha ni kazi nzuri, nzuri kuliko yangu, na nilijua tangu siku ya kwanza kulikagua. Nilisema huku naangalia ndala zake.

Mbeyu alikuwa bado juu, mtarimbo mkononi. "Wajua tangu lini kuhusu hiyo kona?"

"Alhamisi."

"Na wangojea nini siku zote hizi, mwenzangu? Nimalize kubomoa?"

 Jibu ni ndiyo.

Jumanne, 21 Mei

Nyumba tatu ni za Mbeyu. Kombo kasema kwa kifupi, kwenye chai. Mimi nitakuwa chini yake, akinitaka. Kama hanitaki, kwaheri.

Nimerekebisha kona yangu. Nimeng'oa bati zima, sikutaka kiraka. Nilipima na mfuko wa simiti. Nilikata chini. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke.

Mkasi niliotumia ni wenye mshikio mwekundu. Niliukuta juu ya mbao zangu asubuhi.  Unakata kama unakata karatasi. Namwonea wivu hata kwa mkasi.

Ijumaa, 24 Mei

Silikoni imetolewa. Kaikwangua yeye kwa wembe, mimi nkashika ngazi.  Mwishoni kasema, "Ile ncha ya juu, uliikagua?"

"Niliikagua."

"Ukaonaje?"

"Ukucha hauingii."

Kacheka. Kile kicheko. Mwashi nyuma ya nyumba naye akaanza.

Bado hanipendi. Anitake asinitake sijui, hajasema.

Jumanne, 28 Mei

Mvua usiku. Nimekuja mapema kuliko wote, kama siku ile, ila nimevua viatu mlangoni.

Mama Njeri alikuwa ameamka. Amehamia tayari, vyombo bado kwenye maboksi. Alikuwa amekaa kwenye Tumbo, miguu juu ya kibao, kitambaa mapajani. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitika. Akasogea kidogo nipate mahali.

Nikapitisha mkono kwenye dari, upande wa ukuta. Doa la chai bado lipo. Kavu. Anasema atalipaka rangi siku moja, hana haraka.

Tumekaa. Anafuma, mimi naangalia njia. Tawi langu limeanguka kutoka juu na upepo, liko kwenye majani ya bustani. Sitalirudisha.

Baadaye Mbeyu katokea getini na begi lake, mfuko wa simiti umekunjwa chini ya kwapa. Kasimama pale. Kafumba jicho moja. Hakuangalia paa lake. Aliangalia kona yangu, muda mrefu.

Halafu kaniashiria kwa kidole nitoke, twende ploti.